Risasi ya Kuaga

Maiti ilikuwa imelala chali chini ya bunduki iliyotundikwa ukutani, miguu imenyooka, miwani ingali usoni. Asiyejua angedhani mzee amejinyoosha kidogo akisubiri wageni, kama si tundu la kifuani na zulia lililolowa chini ya mgongo.

Inspekta alichuchumaa, akamtazama, akasubiri kitu kimguse. Hakuna kilichomgusa. Askari wenzake walimwita Gogo, si kwa ubaya. Walisema ukimpiga shoka hatoi sauti. Mkewe, kabla hajahamia kwa dada yake, alisema ameolewa na mtu aliyekufa ganzi, tena ganzi ya ajabu, maana hata mguu ukifa ganzi ukiukanda huamka.

"Risasi moja," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Imeingia mbele, imetokea nyuma, imo ukutani."

"Lini?"

"Asubuhi hii hii. Mwili haujapoa vizuri."

"Kutoka mbali?"

"Hapana. Walikuwa wakitazamana."

Ukumbi ulikuwa wa makumbusho ya jeshi, na siku hiyo ulitarajiwa kujaa watu. Viti vya wageni vilikuwa vimepangwa, maua yamewekwa, na uani gwaride lilikuwa limefanya mazoezi tangu jua halijachomoza. Ngoma za gwaride zilizima kila sauti. Hata mzinga ungelia humo ndani, asingegeuka mtu.

Sajenti wa Inspekta, mwanamke mwenye mzaha hata makaburini, alinyoosha kidole ukutani. Bunduki ilikuwa mahali pake juu ya vishikizo vya shaba, imekaa sawasawa kama picha ya harusi, lakini mtutu ulinuka baruti. Chini yake palikuwa na meza ndogo yenye mto wa mahameli mwekundu, na juu ya mto ganda tupu la risasi limesimamishwa wima.

"Ameua, ameitundika bunduki, ameokota ganda akalirudisha," alisema Sajenti. "Mume wangu hata sahani aliyolia harudishi."

Inspekta hakucheka, ila neno lilimkaa. Jeshini risasi hutolewa kwa hesabu, na ganda lake hurudi palepale risasi ilipotoka. Askari anayepoteza ganda hulala mahabusu. Raia hajui hayo, na akijua hayamhusu.

"Ni mwanajeshi," alisema. "Au mtu aliyelelewa na mwanajeshi."

Marehemu alikuwa Mhandisi, ndiye aliyeibuni bunduki hiyo ujanani mwake. Aliyemkuta amekufa ni mtunza makumbusho, mwanamke wa makamo, mwembamba, nywele zimesukwa mistari safi iliyokwenda nyuma bila kupinda. Walimkuta katika chumba chake kidogo, kati ya maboksi ya glavu nyeupe za pamba ambazo kila anayegusa vitu vya makumbusho lazima avae. Alikuwa amekaa kitini mikono mapajani.

Inspekta alimuuliza bunduki ile ilikuwa na nini hasa leo. Mtunza alianza kueleza kwa sauti anayotumia kwa wageni, na alipokwisha kuanza hakuweza kusimama, kama mtu anayeteremka mlima kwa kukimbia. Alisema jina lake rasmi ni refu, lakini askari waliiita Mkongojo, kwa urefu na uzito wake, na kwa kuwa aliyechoka aliweza kuuegemea. Ulibuniwa katika karakana iliyokuwa ikitengeneza majembe. Ulitumia risasi kubwa, ile ya kumwangusha mtu ng'ambo ya bonde. Ulijaribiwa mchangani, matopeni na majini. Ulikwenda vitani ukiwa toleo la kwanza. Vita vilipokaribia kwisha likaja la pili, lenye kitako chepesi zaidi. Baadaye wadunguaji wakauwekea darubini, na bunduki fupi nyepesi zilipoingia, Mkongojo ukashuka cheo: mgambo, walinzi wa maghala, mwisho gwaride tu. Leo ulikuwa unastaafishwa. Jenerali mstaafu angefyatua risasi moja ya kuaga kwenye mifuko ya mchanga uani, kisha bunduki ingerudi ukutani isiguswe tena.

"Na haujawahi kukataa," alimalizia mtunza. "Hivyo ndivyo tunavyowaambia wageni."

"Kwa hiyo risasi ilikuwapo pale juu ya mto mwekundu tangu jana?"

"Moja tu. Na pini ya kugonga, ambayo bila hiyo bunduki hailii, ilirudishwa jana. Baba ndiye aliyeirudisha."

"Baba yupi?"

"Fundi wa silaha. Ni baba yangu." Akasogeza boksi moja la glavu. "Si wa kunizaa. Wa kunizaa alikuwa askari, wenzake walimpiga risasi kwa amri ya mahakama ya kijeshi. Alilinda daraja, adui wakavuka, hakufyatua hata risasi moja. Alisema bunduki ilikataa. Mimi yule simwiti baba. Baba ni huyu aliyemwoa mama na mimi ningali mgongoni. Mama alipofariki alijifunza kusuka, mwanamume mzima, kwa ajili ya kichwa changu. Mpaka leo kukiwa na sherehe ananisuka yeye."

Inspekta alizitazama zile nywele. "Hizi amesuka lini?"

"Jana jioni."

"Na wewe leo umewahi kufika kwa nini?"

"Mhandisi aliniomba. Alisema ana neno nami kabla ya wageni. Nikamuuliza neno gani, akasema ni la kwangu, nalidai tangu kuzaliwa." Mtunza alitazama mikono yake. "Nimemkuta hivyo. Sijalia. Hilo ni kosa?"

"Hapana," alisema Inspekta, na alijua anachosema.

Waliporudi ukumbini, mtaalamu wa alama za vidole alikuwa ameishusha bunduki na kuilaza mezani. Alikuwa na uso wa mtu aliyekula limau. Alama za vidole hazikuwapo hata moja. Muuaji alivaa glavu za pamba kama kila mtu wa jengo lile. Lakini kishikio cha kukokia, kile kinachovutwa nyuma ili risasi iingie chemba, kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi jana kwa ajili ya sherehe, na rangi ilikuwa haijakauka.

"Pamba imeacha alama mbili," alisema. "Hii ya mbele ni ya vidole, amevuta. Hii ya nyuma siielewi. Ni pana, imekandamizwa kwa nguvu. Kama amekipiga kofi."

"Labda aligonga ukuta," alisema Sajenti.

"Ukuta hauna nyuzi za pamba. Na mtu apige bunduki kwa nini, nayo imeshakokiwa?"

Inspekta alivaa glavu. Hakuwa ameushika Mkongojo tangu ujana wake, na alipoubeba, bega la kulia lilijishusha lenyewe kupokea uzito. Alivuta kishikio nyuma, akakiachia. Komeo, kile chuma kinachoifunga chemba, likaenda mbele. Na kabla hajawaza lolote, mkono wake wa kulia ulipanda, na shina la kiganja likakipiga kishikio kwa nyuma. Pa.

Wote watatu waliutazama ule mkono. Hata mwenyewe aliutazama.

"Afande?" alisema Sajenti.

"Toleo la kwanza," alisema Inspekta taratibu. "Likipata vumbi au likipata moto, komeo halifiki mwisho. Linabaki nyuma kidogo tu, huoni kwa macho. Ukivuta kifyatulio, hakuna kitu. Kwa hiyo tulikuwa tunakipiga kishikio. Kila ukikoki, unakipiga. Hakuna aliyetufundisha isipokuwa wakongwe, na kitabu cha mafunzo kilikataza."

"Na toleo la pili?"

"Walilirekebisha. Kimya kimya. Wakasema wamepunguza uzito wa kitako."

"Mbona mtunza anasema haujawahi kukataa?"

"Ndivyo alivyoambiwa."

"Lakini nyinyi mlijua, Afande."

"Kila aliyeubeba alijua," alisema Inspekta. "Hakuna aliyetuuliza."

Aliivua glavu. Alifikiri juu ya askari mmoja mgeni aliyewekwa darajani kabla mkongwe yeyote hajamwonyesha pa kupiga. Aliona kwamba palistahili kuuma hapo, akangoja, pasiume. Akaomba aletewe Jenerali.

Jenerali mstaafu alikuja na fimbo yake na nishani zake zote, akakaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima kana kwamba sherehe ingali ipo. Yeye alikuwa mwenyekiti wa mahakama ile ya kijeshi. Inspekta hakuzunguka.

"Shikamoo, Mzee. Mhandisi alitaka kusema nini leo?"

"Marahaba. Alitaka kusema Mkongojo wake ulikuwa na kasoro, na kwamba yule kijana wa darajani hakuwa mwoga. Alinijia nyumbani wiki iliyopita kuniambia. Madaktari walikuwa wamemkatia tamaa, ini limekwisha. Mtu akiwa hivyo huanza kufagia nyumba."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia aseme."

Sajenti alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Jenerali alimtazama bila hasira.

"Binti, unadhani nimemuua kulinda heshima. Heshima gani? Nilitia saini kifo cha yule kijana asubuhi, mchana nikala. Nikala nikashiba, na usiku nikalala. Nimekuwa nikisubiri kwa miaka yote hii kuona kama nitajisikia vibaya. Nilidhani labda Mhandisi akisema mbele za watu, nitajisikia."

Inspekta alimtazama usoni. Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo, akiwa mzee zaidi.

"Nani mwingine alijua kwamba atasema?"

"Mimi na Fundi. Sisi ndio tuliobaki wa kesi ile. Fundi ndiye aliyeikagua bunduki ya kijana akaapa kwamba ni nzima."

"Jina la kijana?"

"Silikumbuki," alisema Jenerali. "Alikuwa na mke na mtoto mchanga."

Jenerali alipotoka, Sajenti alisema huyu mzee ni wa kutiwa pingu, ana sababu, ana jeshi damuni, na alikuwa uani asubuhi nzima. Inspekta alisema hapana, bado, akamwomba akatafute risasi ya bandia, ile ya mazoezi isiyo na baruti.

Karakana ya silaha ilikuwa nyuma ya jengo, imepangwa kama jiko la mama mkali: kila bisibisi kwenye msumari wake, kila tambara limekunjwa. Fundi alikuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye vidole virefu kuliko mwili wake, na alimkaribisha Inspekta kwa kumfutia kiti. Alieleza bila kuulizwa mara mbili: pini aliirudisha jana, rangi aliipaka jana, asubuhi alikuja na gwaride akakaa uani kupanga mifuko ya mchanga. Ukumbini hakuingia. Yeye na Mhandisi walikuwa marafiki, wa kuzikana.

"Alikuambia atakachosema leo?"

"Aliniambia. Maradhi yalikuwa yamempanda kichwani, maskini."

"Kwa hiyo Mkongojo haukuwa na kasoro?"

"Hata moja."

"Haukuhitaji kupigwa ili ufunge?"

Fundi alikung'uta mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja. Mlangoni mtunza alikuwa amesimama na kikombe cha chai, amemletea baba yake kwa sababu asubuhi hakunywa kitu.

"Hata siku moja," alisema Fundi, akiutazama mlango. "Niliapa hivyo mahakamani. Hata leo naapa."

Basi Inspekta aliwaomba wote waje ukumbini. Mwili ulikuwa umeshaondolewa, zulia limekunjwa, wageni wamerudishwa majumbani kwao wakinung'unika. Alisema anataka kuelewa jinsi bunduki inavyojazwa, yeye kichwa chake kizito, wamvumilie. Sajenti aliinama kufunga kamba za viatu asionekane anatabasamu.

Wa kwanza alikuwa koplo aliyelinda lango, askari wa zama za toleo la pili. Inspekta alisimama nyuma yake, akatoa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu kambini, ile ya sajenti wa mazoezi inayotoka tumboni. "Jaza! Koki! Lenga!" Koplo aliweka risasi ya bandia, akavuta, akaachia, akalenga. Mkono wake haukwenda popote pengine.

Jenerali alifuata. Alihangaika na kishikio mpaka kikambana kidole gumba, akatukana neno moja la kambini. Maofisa wa wakati wake walibeba bastola. Mkongojo waliuona mabegani mwa wengine.

Mtunza aliushika kama anavyowaonyesha wageni, akalisindikiza komeo mbele kwa mkono, polepole, lisipige kelele. Alilenga dirishani, akaurudisha.

"Fundi," alisema Inspekta.

Fundi aliupokea Mkongojo kama mtu anavyompokea mtoto wa jirani. Inspekta hakumpa nafasi. "Jaza!" Vidole virefu vikateleza. "Koki!" Kishikio kikarudi, kikaenda mbele, na shina la kiganja cha kulia likapanda likapiga. Pa. "Lenga!"

Fundi alikuwa ameshalenga kabla sauti ya lile kofi haijaisha ukumbini.

Mtutu ulianza kushuka, kidogo kidogo, mpaka ukagusa sakafu. Fundi aliutazama mkono wake namna Inspekta alivyoutazama wake asubuhi ile, kana kwamba ni mtu mwingine aliyeingia bila kubisha hodi.

"Baba," alisema mtunza. "Mbona umeipiga?"

Inspekta alimshika Fundi mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu. Vidole vilikuwa na madoa ya rangi, na hilo si neno, mpakaji rangi huchafuka vidole. Lakini kwenye shina la kiganja, ndani ya mikunjo ambayo mafuta ya taa hayafiki, palikuwa na weusi mwingine, na weusi ule ulikuwa na alama za nyuzi. Rangi mbichi ilikuwa imepenya pamba.

"Aliyepaka kwa brashi hachafuki hapa," alisema Inspekta. "Glavu iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Kaa."

Fundi alikaa kwenye kiti cha mgeni. Sajenti alimsomea haki zake kwa sauti ya chini isiyo na mzaha. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema asingehitaji wakili, ila angeomba binti yake atoke nje.

"Sitoki," alisema mtunza.

Akasimulia mbele yake. Bunduki ya yule kijana ililetwa kwake kutoka darajani, na komeo lilikuwa bado liko nyuma kidogo, risasi ndani ya chemba haijaguswa. Kijana hakudanganya. Usiku wa kuamkia kesi, Mhandisi alikuja na ofisa mmoja ambaye sasa ni marehemu. Walimwambia askari wote wamebeba bunduki hiyo hiyo, na wakisikia kortini kwamba hukataa, watazitupa na vita vitashindwa. Kijana mmoja kwa ajili ya jeshi zima. Fundi alikuwa bado kijana mwenyewe.

"Nikaapa. Hata leo sijui kama walikosea kuhusu vita," alisema. "Kuhusu mimi walikosea. Baadaye nilikwenda kumtazama mjane. Nilitaka kumpelekea unga tu, nirudi. Mtoto akanishika kidole."

"Mama alijua?" aliuliza mtunza.

"Hakujua. Angejua, angenifukuza, na wewe ungekua bila mtu."

"Endelea na leo," alisema Inspekta.

"Leo niliingia kuikagua bunduki nikamkuta amesimama anaitazama. Nilimsihi. Nilimpigia magoti, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwambia, wewe unakufa, Mhandisi, utasema na utakwenda zako. Mimi naachwa naye. Akasema hawezi kufa nayo kifuani, na kwamba binti ana haki ya baba yake. Nikamwambia, baba yake ni mimi." Fundi alionyesha ile meza ndogo. "Risasi ilikuwa pale juu ya mto. Sikumbuki kuichukua. Nakumbuka nimelenga na nimevuta."

"Ikamwua."

"Ilikataa."

Inspekta aliinua macho.

"Ilikataa, Inspekta. Miaka yote ukutani, mafuta yameganda, komeo halikufika. Nilivuta kifyatulio, kimya. Yeye akanitazama kwa miwani yake ile, akasema, 'Unaona?' Hilo tu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa karibu kucheka, na mimi pia. Nadhani tungecheka, ningeishusha, tungekaa chini tulie kama wazee wapumbavu." Alikiinua kiganja chake cha kulia, akakilaza pajani. "Ila mkono ulikwisha kupiga. Na kidole kilikwisha kurudi kwenye kifyatulio."

Nje, mtu aliyekuwa anakunja viti aliangusha kimoja, na Sajenti alishtuka.

"Kisha nikaitundika," alisema Fundi. "Nikaokota ganda. Kila kitu mahali pake."

"Ulimuua rafiki yako ili asiseme jambo ambalo jeshi zima linalijua," alisema Inspekta.

"Jeshi zima halikuwa linaniita Baba." Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kukatika. "Nilitaka kitu kimoja tu duniani. Siku nikifa, anizike huyu, akiniita hivyo. Nilikuwa nimekaribia."

Inspekta alitoa pingu. Alizifunga mbele, zisibane, na alipogusa vile vidole virefu vya msusi aliona vina baridi. Jenerali alikuwa amesimama karibu na ukuta, kofia mkononi, akitikisa kichwa kama anayetafuta jina alilolisahau.

Mtunza hakuwa amelia bado. Alikuwa ameketi upande wa pili wa meza ya mto mwekundu, na mikono yake ilikuwa imepanda kichwani yenyewe, bila yeye kuiangalia. Alishika ncha ya msuko mmoja nyuma ya sikio, akaanza kuufumua. Alipoumaliza akashika wa pili.

"Baba," alisema.

"Naam, mwanangu," aliitika Fundi upesi, kwa mazoea, na pingu zikalia.

Lakini mtunza alikuwa anamtazama Inspekta, na swali lake lilikuwa halijaisha.

"Baba alizikwa wapi?"

Inspekta hakujua. Jenerali hakujua pia, alitazama kofia yake. Mle ukumbini palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua.

"Ng'ambo ya daraja," alisema Fundi. "Ukishavuka, upande wa juu wa mto, penye ukingo mwekundu. Hapana jina, ila kuna jiwe. Kila mwaka nakwenda kulipaka chokaa, utaliona kwa mbali."

"Haya," alisema mtunza, akashika msuko mwingine.

Sajenti alimtoa Fundi nje kwa kumshika kiwiko. Inspekta alibaki amesimama, daftari likiwa wazi mkononi na hakuna alichoandika. Kitu kilikuwa kimemkaba kooni. Alidhani ni kohozi, akakohoa, lakini hakikutoka.